Pikipiki Katika Nchi za Juu

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo liwasumbualo wengi wasafirio kwa pikipiki kutoka pwani kwenda bara. Kwa nini pikipiki iliyokuwa na nguvu Mombasa huwa kama mgonjwa ifikapo Timboroa?

Sababu ni hewa. Petroli haiungui peke yake. Kila ratili moja ya petroli yataka ratili 15 hivi za hewa. Kazi ya kuvichanganya viwili hivyo ni ya kabureta, na ndani yake mna kipande kidogo cha shaba chenye tundu, kiitwacho jeti, ambacho hupima petroli. Basi kadiri tupandavyo ndivyo hewa izidivyo kuwa nyepesi. Nairobi, penye kimo cha mita 1,700 hivi, hewa imepungua uzito kwa kadiri ya sehemu 15 katika mia. Timboroa, karibu mita 2,700, imepungua kama robo. Lakini petroli ipitayo katika jeti haipungui kwa kiasi hicho. Hapo mchanganyiko huharibika, kama chai iliyotiwa sukari kupita kiasi.

Dalili zake ni hizi: injini husitasita, moshi mweusi hutoka, petroli huisha upesi, na plagi ikifunguliwa huonekana nyeusi kwa masizi. Lakini tusifanye haraka. Chujio la hewa lililoziba vumbi huleta dalili zizo hizo. Kwa hiyo yatupasa kulisafisha kwanza.

Ikiwa dalili zabaki, ndipo tuishike kabureta. Tuzime injini, tuiache ipoe, tufunge bomba la petroli, na moto wo wote uwe mbali. Kisha tutoe jeti kubwa na kutia yenye tundu dogo zaidi. Katika kabureta nyingi namba iliyochorwa juu ya jeti huonyesha upana wa tundu: 100 ni milimita 1. Aliyetumia 100 pwani ajaribu 95 Nairobi, na 92 hivi Timboroa. Tushuke hatua moja moja, na kila mara tuendeshe mwendo wa nguvu, kisha tuitazame plagi. Rangi ya udongo mwekundu ni njema; nyeupe ni hatari.

Jeti kubwa hutawala mwendo wa nguvu tu. Katika mwendo wa kati kazi ni ya sindano: kibanio chake kikipandishwa ngazi moja, sindano hushuka na petroli hupungua. Injini ingurumapo polepole, kazi ni ya skrubu ndogo ya nje. Skrubu iliyo upande wa chujio hupima hewa, nayo hulegezwa kidogo; iliyo upande wa injini hupima petroli, nayo hukazwa kidogo.

Hata hivyo tusidanganyane. Nguvu yote ya pwani hairudi, kwa kuwa hewa yenyewe ni haba. Mwenye mzigo apande kwa gia ndogo. Pikipiki za siku hizi zisizo na kabureta, zipimazo petroli kwa umeme, hujirekebisha zenyewe.

Sasa twafika kwenye neno kubwa kuliko yote. Kuna mwaka tulitoka nchi za juu kwenda pwani, tukiwa na jeti ndogo tuliyoitia kule, na mzigo mzito nyuma. Pikipiki ilikwenda kwa wepesi, nasi tukafurahi. Karibu na Voi injini ilikazana ghafula na gurudumu la nyuma likajifunga. Kidogo tuanguke mbele ya lori. Fundi alipoifungua alituonyesha pistoni iliyoungua juu. Hewa ya chini ilikuwa nzito, petroli ikawa haba, na joto likazidi. Jeti yetu ya zamani ilikuwa mfukoni siku zote, nasi hatukuikumbuka. Gharama ya uvivu ule ilikuwa pistoni mpya na safari ya siku mbili iliyokatika.

Kwa hiyo, wasikilizaji, petroli ikizidi ni hasara ya fedha, lakini ikipungua ni hasara ya injini, na pengine ya roho. Kila tubadilipo jeti, na tuandike namba ya ile ya kwanza, tuifunge kitambaani na kuiweka pamoja na spana. Na kabla ya kuteremka, tuirudishe mahali pake.