TAARIFA YA TAWI: KUFUNGIWA TENDA ZA SERIKALI



Haya ndiyo tuliyosema katika mkutano wa tawi. Tunayatuma kwa wote kwa sababu wengi walikuwa kazini na simu zimekuwa nyingi.

Tumeombwa mambo mawili. Wengine wanataka tawi liwafungie tenda za kaunti wanakandarasi waliowapigia kampeni wapinzani wetu. Wengine wanataka tuwaombee vijana waliokodisha vyeti vyao vya AGPO, na sasa wameitwa kujieleza. Jibu letu kwa yote mawili ni hapana.

*1. Tawi halina uwezo wa kumfungia mtu.*
Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Hapo hapo kinaruhusu sheria iwaadhibu wakwepa ushuru, wala rushwa, wanaovunja vibaya sheria za kazi, na wanakandarasi wasiotimiza mkataba. Kupigia kura chama kingine hakumo. Sheria ya ununuzi ya 2015 imeipa kazi hiyo bodi ya kitaifa ya udhibiti wa ununuzi wa umma, na mshtakiwa lazima asikizwe. Leo tukifunga watu kwa rangi ya chama, siku tukishindwa uchaguzi tutafungwa sisi.

*2. Aliyefungiwa amefungiwa kweli.*
Muda si chini ya miaka 3. Si kaunti yetu pekee. Ni wizara, shule za umma na mashirika ya serikali kote nchini. Na mkataba aliokuwa ametia saini awali bado atadaiwa.

*3. Vijana, cheti si cha kukodisha.*
Asilimia 30 ya tenda imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kampuni ya vijana lazima angalau asilimia 70 iwe mali yao, na uongozi wote uwe wao. Sasa tufanye hesabu. Tajiri anakupa shilingi 50,000 atumie cheti chako. Kazi ikilala, jina ni lako, PIN ni yako, saini ni yako. Kutoa habari za uongo kuhusu sifa zako katika zabuni ni sababu tosha ya kufungiwa. Gawanya 50,000 kwa miezi 36: haifiki shilingi 1,400 kwa mwezi. Yeye wiki ijayo atatafuta cheti cha mwingine.

*4. Mwanakandarasi aliyetoroka kazi.*
Huyo hafungiwi kwa kelele za mkutanoni. Leteni picha zenye tarehe, kumbukumbu za vikao na nakala ya mkataba. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Tutazipanga pamoja na kuandika malalamiko rasmi.

Walioitwa, nendeni. Semeni ukweli, na mtaje pesa zilipitia akaunti ya nani. Anayehitaji kupanga karatasi zake tutamsaidia, awe wa chama chetu au asiwe.

Tafadhali mfikishieni kila kijana mwenye cheti.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya kamati