Onyo Lisiloeleweka Si Onyo



Kati ya Septemba na Novemba mwaka 1971, meli ziliteremsha katika bandari ya Basra, nchini Iraki, zaidi ya tani 90,000 za mbegu za ngano na shayiri. Wakulima walikuwa wamepatwa na ukame, na Serikali ilikusudia kuwasaidia. Mbegu hizo zilikuwa zimetiwa dawa ya zebaki ili zisiharibiwe na ukungu. Zilikuwa za kupandwa, si za kuliwa.

Onyo lilikuwapo. Liliandikwa juu ya magunia kwa Kihispania au Kiingereza, pamoja na mchoro wa fuvu na mifupa. Lakini lugha hizo si za wakulima wa Iraki, na mchoro ule haukuwa na maana kwao. Tena mahali pengi mbegu zilifika msimu wa kupanda umekwisha pita. Zilikuwa zimetiwa rangi nyekundu iwe alama ya hatari. Watu waliziosha, rangi ikatoka, sumu ikabaki. Wengine waliwalisha kuku kwanza, siku chache zikapita kuku wasidhurike. Basi zikasagwa, mkate ukaokwa, jamaa nzima ikala.

Sumu hiyo haiui papo hapo. Wiki kadhaa zilipita kabla ya ganzi kuingia mwilini, miguu kuyumba na macho kufifia. Wagonjwa 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao wakafariki humo. Wako watoto waliodhurika ubongo wakiwa bado tumboni mwa mama zao.

La kusikitisha zaidi ni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1956 na mwaka 1960 mbegu za namna hiyo ziliwadhuru watu wa nchi hiyo hiyo. Waganga waliandika habari zake. Lakini kumbukumbu iliyofungiwa katika jarida haimwokoi mkulima.

Hapa ndipo penye funzo. Kazi ya mtumishi haiishi shehena inapotiwa sahihi, wala kwa kubandika karatasi ya onyo. Hata Afrika Mashariki mbegu zilizotiwa dawa huuzwa zikiwa na rangi. Bwana shamba na aeleze sababu yake mkutanoni, na mwalimu darasani, kwa lugha ya wasikilizaji. Kisha mkulima aombwe aeleze mwenyewe alivyoelewa. Asipoweza, onyo bado halijatolewa.