Hesabu ya Karanga
Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji



Leo hatukuja kusema habari ya shaba. Tumekuja kusema habari ya karanga. Msicheke. Wengi wetu tunaoshuka migodini tuna mke, mama au dada mwenye shamba kando ya mji. Na mshahara ukichelewa, ni shamba lile linaloweka sufuria motoni.

Wazee wetu walilijua zao hili kwa uchungu. Tangu 1917 Bula Matari aliwalazimisha watu wa vijiji kulima mazao aliyoyataka yeye: pamba, mpunga, karanga. Wakati wa vita, mwaka 1942, kazi hiyo ya lazima ilifika siku 120 kwa mwaka. Leo hakuna kapita mwenye fimbo. Lakini je, bei tunaipanga sisi?

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme mama mmoja amelima nusu hekta, akavuna kilo 300 za karanga katika maganda. Akizimenya atapata kama kilo 200 za punje. Mwezi wa nne watu wote wanavuna, bei iko chini. Mchuuzi anakuja, anajaza kopo lake mpaka linafurika, na mama anauza zote, kwa maana ana deni la shule na la dawa. Mvua ya mwezi wa kumi na moja inaanza, hana mbegu. Nusu hekta yataka kama kilo 45 za punje. Ikiwa bei imepanda mara mbili, kilo hizo 45 atazilipa kwa fedha ya kilo 90. Ndiyo kusema karibu nusu ya mavuno yake imekwenda kununua mbegu aliyokuwa nayo nyumbani mwake!

Adui basi si udongo, maana karanga huurutubisha, na mahindi yanayofuata hupata faida. Adui ni haraka ya kuuza, na haraka hiyo huzaliwa na deni.

Tufanye nini? Kwanza, kabla ya kuuza hata kopo moja, tutenge mbegu: kama kilo 70 katika maganda. Pili, tuzikaushe vema juu ya mkeka. Karanga yenye ukungu ina sumu inayoharibu ini, hailiwi wala haiuzwi. Tatu, majirani kumi wauze pamoja, kwa mizani yao wenyewe. Nne, sisi wenye mshahara tumsaidie mama kulipa deni mwezi ule wa nne. Fedha ndogo siku ile yaokoa mbegu ya mwaka mzima.

Ndugu, uhuru wa bendera tuliupata tarehe 30 Juni 1960. Uhuru wa mizani hakuna atakayetuletea. Tuushike kwa mikono yetu, tukiwa pamoja.