Sentimita za Mwisho: Njia ya Umeme Ndani ya Bodi



Ukitaja umeme wa Kagera, wengi tunafikiria laini ya kilovolti 132 inayotoka Masaka, Uganda, hadi kituo cha Kyaka, au mitambo ya Rusumo na megawati zake 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mada yangu inahusu safari fupi zaidi: zile sentimita chache kutoka kidhibiti cha volti hadi ndani ya chipu. Vifaa vingi vinavyoletwa kwetu mafundi vikiwa "vinawaka ila vinaganda" vinaugulia hapo.

Chipu hutulia, kisha ghafla inadai ampea nzima. Lakini kila njia ya shaba ina indaktansi, nayo hupinga badiliko la haraka la mkondo. Volti inayopotea ni indaktansi mara kasi ya badiliko hilo. Kwa nanohenri 1 tu, mkondo ukipanda ampea 1 ndani ya nanosekunde 1, inapotea volti 1. Chipu yenyewe huenda inatumia volti 1.2.

Ndiyo maana bodi imejaa kapasita ndogondogo kuizunguka chipu. Ni akiba ya jirani. Sasa tazama tunavyozibadilisha. Moja ikifa, fundi anachukua kubwa yenye miguu, anaichomea juu kwa risasi, miguu ikiwa imebaki mirefu. Waya mwembamba una takriban nanohenri 1 kwa kila milimita, kwa hiyo miguu miwili ya sentimita 1 inakaribia nanohenri 20. Mkondo ukipanda nusu ampea ndani ya nanosekunde 10, volti 1 imekwenda. Multimita bado itasoma 1.2 safi, kwa kuwa inaonyesha wastani, na mteja atarudi kesho. Nasisitiza: mikrofaradi nyingi hazifidii mguu mrefu.

Mbuni wa bodi huanza na hesabu moja, ambayo Larry Smith na wenzake wa Sun Microsystems waliieleza vizuri mwaka 1999. Ikiwa chipu ya volti 1.2 inavumilia yumbo la asilimia 5, yaani volti 0.06, na mkondo unaruka ampea 2, basi impidansi ya njia nzima isizidi miliomu 30, katika masafa yote ambamo mkondo huo unabadilika. Kapasita moja haiwezi kutimiza hilo. Ile ya nanofaradi 100 yenye nanohenri 1, ikipita megahezi 16 hivi, inageuka kuwa indakta.

Hapo ndipo modeli ya usumaku-umeme inapohitajika. Albert Ruehli wa IBM, miaka ya 1970, alionyesha namna ya kukata shaba vipande vidogo, kila kipande kikapewa ukinzani, indaktansi na kapasitansi yake, kisha vyote vikakokotolewa kama saketi ya kawaida. Modeli huonyesha yasiyoonekana kwa macho: matabaka mawili ya shaba yenye urefu wa sentimita 10, katikati nyuzi za kioo na gundi, huvuma karibu na megahezi 700, na kelele ya chipu moja ikamfikia jirani yake.

Programu ya FastHenry, iliyoandikwa MIT, hukokotoa indaktansi hizi na inapatikana bure. Kipindi cha mchana naomba kila meza ilete bodi moja iliyotengenezwa ikaganda tena. Tutapima miguu ya kapasita kwa rula, tuingize vipimo, kisha tuikate miguu hiyo na kukokotoa upya.