Kompyuta Ihesabu, Sisi Tusikilize: Dodoso la Watumishi kwa Njia ya Barua Pepe

(Maneno ya mratibu wa miradi wa dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wahisani, Sigi, Usambara Mashariki.)



Tumeombwa tueleze namna ya kuandaa dodoso la watumishi linalotumwa kwa barua pepe na kujijumlisha lenyewe. Hatua zake ni chache na tutazipitia zote. Lakini kuna jambo moja tungependa kila mjumbe aondoke nalo: kompyuta inatuondolea kazi ya kuhesabu, ila haiwezi kumfanya mtumishi aseme kweli. Kusema kwake kweli kunategemea sisi tunaouliza.

Kwa nini tuwaulize watumishi? Mwenyekiti wa kamati akimuuliza mwinjilisti kama posho inamtosha, atajibiwa, "Tunamshukuru Mungu." Mwinjilisti huyo hasemi uongo. Anazungumza na mwajiri wake, ambaye pia ni jirani yake na pengine ni mkwe wake. Baada ya miezi michache inakuja barua ya kuacha kazi, na kamati inashangaa. Muuguzi akiondoka katika zahanati ya milimani, anayeumia ni mama mjamzito anayelazimika kuteremka mlima kutafuta huduma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Taasisi nayo inaweza kuficha maradhi yake kwa kutouliza tu.

Njia ya karatasi tunaifahamu. Fomu iliyojazwa hapa Sigi huteremka Muheza, hupita Segera na Korogwe, hufika Mombo, ndipo ipande Lushoto. Ikifika, mtu hukaa na kalamu akipiga mistari mitano mitano. Aliyejaza fomu anajua pia kwamba mwandiko wake unafahamika ofisini.

Kazi ya kuhesabu majibu ya watu wengi imesumbua hata mataifa makubwa. Marekani ilihitaji zaidi ya miaka saba kukamilisha hesabu za sensa yake ya mwaka 1880. Katika sensa ya 1890 ilitumia mashine ya Herman Hollerith, iliyosoma kadi zilizotobolewa matundu, na kazi ikaenda kwa kasi zaidi. Hapa kwetu, sensa ya 26 Agosti 2012 ilijazwa kwenye karatasi, na idadi ya watu ikatangazwa 31 Desemba mwaka huohuo. Sensa ya 23 Agosti 2022 ilitumia vishikwambi, na idadi ya Watanzania 61,741,120 ikatangazwa 31 Oktoba. Siku 127 zilikuwa siku 69. Kanuni ni ileile tutakayoitumia sisi: jibu linaingia mara moja tu, kwa mkono wa anayejibu au anayehoji, na halinakiliwi tena.

Sasa hatua zenyewe. Kwanza, tunaandika maswali kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Maswali kumi yanatosha. Kila swali liulize jambo moja. "Je, unaridhika na mshahara na nyumba?" ni maswali mawili, na jibu lake halitusaidii.

Pili, tunafungua programu ya fomu. Google Forms hupatikana bila malipo kwa mwenye akaunti ya Gmail, na zipo nyingine zinazofanya kazi hiyo. Kila swali tunalipa aina yake: ndiyo au hapana, kuchagua moja kati ya kadhaa, au kipimo cha 1 hadi 5 kutoka "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Kipimo cha namna hii kilianzishwa na Rensis Likert mwaka 1932, na bado kinatumika duniani kote. Mwishoni tunaweka swali moja la wazi: "Ungependa kamati ibadilishe nini?"

Tatu, tunazima kipengele cha kukusanya anwani za barua pepe za wanaojibu. Hatua hii isisahauliwe hata kidogo.

Nne, tunatuma kiungo cha fomu kwa barua pepe, anwani zote zikiwa kwenye sehemu ya nakala fiche ili asionekane nani mwingine ametumiwa. Barua iwe fupi: lengo ni nini, nani atasoma majibu, mwisho wa kujibu ni lini, na matokeo yatasomwa lini. Tangu 1 Mei 2023 nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe lengo lake. Kwa hiyo hapa adabu na sheria vinakwenda pamoja.

Tano, tunaunganisha fomu na jedwali. Kila anayejibu anakuwa mstari mmoja, na kila swali linakuwa safu moja. Programu huchora grafu yenyewe. Tukitaka kuhesabu zaidi, tunaandika kwenye kisanduku kitupu fomula kama =COUNTIF(C:C,"Ndiyo"), nayo huhesabu kila "Ndiyo" katika safu ya C. Jibu jipya likiingia, hesabu inajibadilisha bila mtu kuigusa.

Ndugu wajumbe, hapa ndipo penye hatari kwa vituo vidogo kama vyetu. Tuchukulie kituo chenye watumishi watatu. Jedwali likionyesha kwamba mmoja hamwamini msimamizi, kazi ya kumtafuta itachukua dakika moja. Hakuna jina lililoandikwa, lakini mtu ameshatajwa. Kwa hiyo tunapendekeza kanuni hii: matokeo ya kundi lenye watu wasiofika watano yasionyeshwe peke yake, bali yaunganishwe na ya vituo vingine. Tusiulize kituo, jinsia, umri na cheo vyote kwa pamoja, maana vikikutana vinne hivyo vinakuwa kama jina. Programu pia huandika tarehe na saa ya kila jibu. Kama kompyuta ya ofisi ni moja na kila mtu anajua nani aliikalia Jumanne saa nne, safu hiyo ya saa inamtaja. Ifutwe kabla jedwali halijaonwa na mtu mwingine.

Wako pia wasio na barua pepe: mlinzi, mpishi, mtunza bustani, mfanyakazi wa shamba. Tukiwaacha, tutakuwa tumeuliza ofisi tu na kuliita jibu hilo sauti ya watumishi. Shirika la Twaweza, lilipoanza utafiti wake wa Sauti za Wananchi kwa simu, liliwapa washiriki simu pamoja na chaja za sola ili asiye na umeme asiachwe nje. Sisi tunaweza kutumia simu moja ya kituo inayozunguka, kila mtu akajaza faraghani. Asiyesoma asomewe na mtu asiye msimamizi wake. Pale mtandao usipofika, karatasi zenye visanduku vya kuweka alama ziwekwe kwenye sanduku lililofungwa, kisha mtu mmoja aziingize kwenye fomu ileile.

Majibu yakishaingia, tusiamini wastani peke yake. Watumishi 40 wakiulizwa kama wanatendewa haki, 20 wakachagua 1 na 20 wakachagua 5, wastani utakuwa 3, nasi tutasema hali ni ya kati. Kumbe hakuna hata mmoja aliye katikati, na nusu ya watumishi wanaumia. Tuangalie wangapi wamechagua kila namba. Vilevile tuseme wangapi wamejibu. Kama fomu zilikwenda kwa watu 60, wakajibu 24, na 18 kati yao wakaridhika, ni kweli kwamba asilimia 75 ya waliojibu wameridhika. Lakini hao 18 ni asilimia 30 ya watumishi wote. Ukimya wa wale 36 nao ni taarifa, na kamati ijiulize kwa nini wamenyamaza.

Kwa wahisani wetu tuna ombi. Mnahitaji takwimu za ufuatiliaji na tathmini, nanyi mnastahili kuzipata. Pokeeni muhtasari, msiombe jedwali lenye mstari wa kila mtu. Na watumishi wakisema nyumba zinavuja, msikimbilie kuona mradi umeshindwa. Kituo kinachopata ujasiri wa kusema hivyo kinajengeka.

Kwa kamati, ombi letu ni kurudisha majibu. Ndani ya mwezi mmoja watumishi waitwe wasomewe matokeo, mazuri na machungu. Kamati ichague mambo mawili au matatu inayoweza kuyarekebisha, itaje nani atayashughulikia na lini, na iseme wazi lipi haliwezekani mwaka huu na kwa sababu gani. Mtumishi anaweza kuvumilia jibu la hapana akipewa sababu. Asipopewa jibu lolote, dodoso la pili litakuta watu wanabofya "nakubali kabisa" kuanzia mwanzo hadi mwisho ili warudi kazini. Hapo kompyuta itatuletea jumla sahihi ya majibu yasiyo na ukweli.

Basi kabla ya kutuma fomu, kila kamati ijiulize swali moja: yakija majibu tusiyoyapenda, tuko tayari kuyasoma kwa sauti mbele ya walioyatoa? Kama jibu ni ndiyo, kazi iliyobaki ni ya siku moja, na ofisi ya miradi iko tayari kuwasaidia. Kama bado, tuanze na mazungumzo hayo kwanza.