HOTUBA YA KIKUNDI CHA MUZIKI KATIKA SIKU YA WAKIMBIZI: KINASA SAUTI CHETU CHA KWANZA



Kamati imetutaka tueleze kwa nini mchango wa kikundi, uliokusanywa mwaka mzima, tunataka kununulia kinasa sauti kidogo wakati wengi mlitazamia spika. Mna haki ya kuuliza, kwani fedha hizo ni zenu pia.

Mnamkumbuka mzee wetu mpiga inanga aliyefariki mwaka jana. Nyimbo zake tulizirekodi kwa simu ya mmoja wetu. Simu ikaharibika, nazo nyimbo zikaenda nayo. Zimebaki mbili tu ambazo binti yake alikuwa ametumiwa. Ukizisikiliza, mvua juu ya shitingi inasikika kuliko mzee.

Kosa lilikuwa letu, lakini na chombo hakikufaa. Hapa Burundi mwenye inanga huimba kwa kunong'ona. Mnong'ono hauna sauti ya juu wala ya chini. Nyuzi ndizo zinazoubeba wimbo, hata sikio likadhani mtu anaimba. Sasa simu hujirekebisha yenyewe. Pakiwa kimya, hupandisha kila kitu, hata upepo. Na ukiipeleka penye ngoma, kama zile za Gishora karibu na Gitega, hujishusha ghafla na mapigo yanasagika kama unga. Na mtu akipiga simu katikati ya wimbo, basi tena.

Kwa hiyo tunatafuta chombo ambacho kiwango cha sauti kinapangwa kwa mkono wa mtu. Hilo ndilo la kwanza. Tutakijaribu kwa inanga na kwa ngoma siku hiyo hiyo, kabla ya kulipa. Kiwe na tundu la kuvalia visikilizio, ili tusigundue kasoro wakati mwimbaji amekwisha kwenda nyumbani. Kitumie betri ndogo za kawaida, hizi tunazoita mabuye, zinazouzwa sokoni. Betri ya ndani ikichoka, nani ataibadilisha hapa? Kirekodi kwa WAV. Saa moja ya WAV ya kawaida huchukua kama megabaiti 600, hivyo kadi ya gigabaiti 32 inatosha saa 50 hivi. MP3 ni ndogo na tutaitumia kugawia watu, lakini ile ya kuhifadhi iwe kamili. Rangi na ukubwa wa kioo tumewaachia vijana wabishane.

Lipo jambo lingine, na hili ndilo lililotukalisha usiku. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi, ukatolewa Ufaransa kwenye santuri. Mwaka 1971 ngoma zile zile zikawekewa piano na gitaa, zikaitwa Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell akazitumia katika wimbo wake The Jungle Line. Ngoma zilizunguka dunia, lakini ni wasikilizaji wangapi wanaoweza kutaja jina la mpigaji mmoja? Hata kwetu walikuja wageni wakarekodi kwaya, wakaahidi kuturudishia nakala. Tunangoja mpaka leo.

Kwa sababu hiyo kadi haitakuwa mali ya anayeshika chombo. Kila wimbo utanakiliwa mara mbili: nakala moja kwa familia ya mwimbaji, nyingine kwenye sanduku la Kamati. Mwimbaji ataanza kwa kusema jina lake, alikotoka, na kama anaruhusu wengine wasikie. Asiyetaka kutajwa, kwa sababu anazozijua yeye, hatatajwa. Ndugu wa mashirika, mnajua kwamba wengine wetu jina linaweza kuwatafutia shida huko tulikotoka. Mkitaka kutumia wimbo katika filamu zenu, njooni kwanza kwa mwenyewe.

Spika tutaikodi siku za sherehe, kama tulivyofanya leo.

Kamati ikikubali, tutaanza na mama mmoja mwenye nyimbo za kusaga mtama. Amesema yuko tayari, ila saa za asubuhi tu, kwani jioni kifua kinambana. Tunaomba majirani zake siku hiyo wafunge redio.