JUU YA KUMLISHA NA KUMZOEZA KUSEMA MTOTO MDOGO MWENYE HALI YA DOWN

Maneno yaliyosomwa na karani wa Chama, kwa niaba ya Kamati, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mmekwisha kusikia hesabu za mwaka zikisomwa, na mtakuwa mmeona kwamba, kama ilivyo desturi, fungu kubwa la fedha zetu lilikwenda katika mazishi. Hatusemi hivyo kwa kulaumu, maana kuzikana ni katika mambo yaliyokiunda chama hiki. Lakini katika barua zilizofika ofisini zimo zilizouliza jambo jingine, na Kamati imeona si haki zifungwe katika faili pasipo kujibiwa. Zilitoka kwa akina mama wenye watoto wa mwaka mmoja, miwili na mitatu, ambao hawali sawasawa wala hawasemi, nao wauliza wafanye nini. Twaomba wazee watuwie radhi tukitaja habari za uji na vijiko mbele ya baraza.

Mtoto tunayemsema mnamjua kwa sura. Pembe za nje za macho yake zimeinuka kidogo, shingo ni fupi, viungo ni vilegevu akibebwa, na ulimi huchungulia nje ya midomo. Hukisiwa kwamba huzaliwa mmoja wa namna hiyo katika kila watoto 700 hadi 1,000, katika mataifa yote, kwa matajiri na kwa maskini. Daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliiandika hali hii mwaka 1866, nayo ikaitwa kwa jina lake. Sababu yake haikujulikana mpaka mwaka 1959, Jérôme Lejeune na wenzake wa Ufaransa walipotangaza waliyoyaona. Katika kila chembe ya mwili wa binadamu mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu, nazo ni 46. Mtoto huyu anazo 47, kwa kuwa ile ya 21 imekuja tatu badala ya mbili. Basi hakuna mbuyu uliopitwa saa sita mchana, wala mahari iliyobaki deni, wala kijicho cha jirani kilicholeta jambo hili. Mara nyingi halitokani hata na urithi wa upande wa mume au wa mke, na yule amwachaye mkewe kwa sababu hiyo amemhukumu asiye na kosa.

Kabla hatujaendelea, twakumbusha kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yaagiza mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomdunisha. Maneno kama zezeta na taahira yaachwe, hasa mbele ya mtoto mwenyewe, kwani yeye huelewa mengi kabla hajaweza kuyasema.

Tuje sasa kwenye chakula. Watu husema mtoto huyu ana ulimi mkubwa. Kwa kawaida kilicho kidogo ni kinywa, na kaakaa lake ni jembamba lililopanda juu, na misuli ya ulimi, midomo na taya imelegea. Meno nayo huchelewa kuota. Kwa hiyo kunyonya, kutafuna na kumeza, mambo ambayo mtoto mwingine huyafanya kama mchezo, kwake ni kazi nzito, na huchoka kabla hajashiba.

Hapa ndipo penye hatari ambayo twataka isemwe waziwazi. Iko desturi, ambayo nyanya zetu waliifuata kwa nia njema, ya kumlaza mtoto chali mapajani, kumshika mashavu au kumziba pua, na kumtilia uji kinywani kwa kiganja mpaka bakuli liishe. Mtoto mwenye nguvu hupigana na kuponea. Huyu wetu hana nguvu hiyo, na uji huingia katika njia ya pumzi badala ya kwenda tumboni. Pengine hakohoi hata kidogo, na mama akadhani amemeza. Siku chache baadaye huja homa na kupumua kwa shida, akapelekwa zahanati kwa nimonia, akapona, na mwezi ujao vivyo hivyo. Jamaa husema ana kifua kibovu. Huenda kifua hakina ila, na lililo baya ni namna anavyolishwa.

Basi na akae kitako. Akiwa mdogo apakatwe wima, kichwa na mgongo vikiegemezwa, kidevu kikielekea chini kidogo, si juu kama kuku anywaye maji. Akikua, awe na kiti chenye mahali pa kuegemea na pa kukanyagia miguu. Wako akina mama wamkalishao katika beseni lililozungushiwa leso zilizokunjwa, na hilo lafaa sana wala halina gharama. Mlishaji akae mbele yake, uso kwa uso.

Kijiko kiwe kidogo, kisicho na kina. Kitoke mbele, kiukanyage ulimi kidogo katikati, kisha mkono utulie. Mtoto mwenyewe afunge midomo na kukivua chakula. Wengi wetu tuna haraka, nasi hukikwangua chakula katika mdomo wa juu au ufizi. Hapo tumeunyang'anya mdomo kazi yake. Akiwa mlegevu sana, mama aweza kukishika kidevu chake taratibu kwa kidole, ili taya lisianguke. Maji na maziwa yatoke katika kikombe kidogo, tone kwa tone, tukingoja ameze. Tena mlo usizidi nusu saa, kwa kuwa mtoto aliyechoka hamezi vizuri. Ni afadhali kumlisha mara tano kidogo kidogo kuliko kushindana naye mara mbili.

Juu ya aina ya chakula, miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama matupu, na ikiwa hawezi kunyonya kwa nguvu, mama ayakamue na kumnywesha kwa kikombe kisafi. Baada ya hapo uji uwe mzito, ubaki juu ya kijiko kikiinamishwa, kwa kuwa mwepesi hutangulia kooni kabla mtoto hajajiweka tayari, na zaidi ya hayo hauna nguvu mwilini. Utiwe tui la nazi. Kisha polepole aletewe vilivyopondwa kwa uma, kama pojo, kiazi kitamu, ndizi, au samaki aliyechambuliwa miiba yote, halafu vipande laini vya papai au muhogo uliopikwa ukaiva, avishike kwa mkono wake. Tumesikia habari za watoto wa miaka minne wanaokunywa uji tu kwa sababu ya huruma. Huruma hiyo yawazuia kujifunza kutafuna. Njugu nzima asipewe kabisa, zisije zikampalia. Akifunga choo, kama ilivyo kwao mara kwa mara, papai na maji husaidia, lakini hali hiyo ikidumu aonwe na daktari, na damu ipimwe juu ya tezi ya shingoni, kwa maana tezi hiyo huweza kuwa dhaifu kwa watoto hawa.

Neno moja juu ya kukata kimeo. Mtoto akikohoa au kutapika chakula, wako watakaoshauri kimeo kikatwe. Kukikata hakuupi ulimi nguvu wala hakumfundishi kumeza. Huleta damu nyingi na vidonda, na kwa mtoto mwenye moyo mbovu huweza kuleta mauti. Twawasihi wazee walio na sauti katika vijiji vyao wakataze.

Sasa habari ya kusema, ambayo haiko mbali na hiyo ya kula. Hatudai kwamba atafunaye vizuri atasema vizuri. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa. Lakini ni lini mwingine ambapo mama na mtoto hukaa uso kwa uso, kila siku, mara tatu au tano, na mtoto akitaka kitu ambacho mama anacho mkononi? Saa ya mlo ndiyo darasa. Mama aseme maji anapokiinua kikombe, aseme ndizi anapoimenya, aseme tena kabla ya kijiko cha pili, kisha angoje. Kungoja huku ni kugumu kuliko mnavyodhani. Mtoto huyu huhitaji muda kulipokea neno na muda mwingine kutafuta jibu, na sisi huwa tumekwisha kumjibia. Na ahesabiwe moyoni mpaka kumi. Jibu laweza kuwa jicho, au mkono ulionyoshwa, au sauti isiyo neno. Lipokewe kama neno.

Ndiyo maana wataalamu hufundisha ishara za mikono pamoja na maneno: vidole mdomoni kuwa kula, kiganja kilichofunguliwa kuwa nataka tena, mkono kutikiswa kuwa basi. Wako wanaoogopa kwamba mtoto atakuwa bubu kwa kuzoea ishara. Yaliyoonekana ni kinyume, kwa kuwa ishara humtangulia neno na kumpunguzia hasira, na neno likija ishara huachwa yenyewe. Jirani zetu wa Kilifi wanao ushahidi wa karibu. Mwaka 2014 zilichapishwa habari za jaribio lililofanywa huko vijijini, la kuwafundisha walezi nyumbani kwao watumie ishara, vitu na picha kwa watoto wasioweza kusema, kwa vifaa vinavyopatikana papo hapo. Walezi wenyewe walieleza mabadiliko mema.

Akina mama wengine wameshauriwa waache Kidigo au Kiduruma na kumsemesha mtoto Kiswahili peke yake, ati lugha mbili zitamchanganya. Uchunguzi uliofanywa juu ya watoto wenye hali hii katika nchi za lugha mbili haukuonyesha madhara hayo. Nyanya aliye na Kidigo tu amsemeshe Kidigo. Mtoto aliyekatazwa lugha ya nyanyake amepoteza mwalimu mwenye nafasi kuliko wote nyumbani.

Lakini hayo yote ni bure ikiwa hasikii. Zaidi ya nusu ya watoto hawa hupungukiwa na kusikia, mara nyingi kwa sababu ya maji yanayokaa nyuma ya kiwambo cha sikio pasipo maumivu wala usaha, na mtu adhani mtoto ni mkaidi. Masikio yapimwe mapema na yarudiwe kupimwa. Vivyo hivyo moyo: karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, na mtoto atokwaye jasho na kuishiwa pumzi anaponyonya huenda ni moyo unaomchosha, wala si uvivu wa kula. Mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni, na kwa vipimo vingine huenda akaelekezwa Mombasa. Hospitali ndiyo ithibitishayo ulemavu, ili mtoto aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Juu ya masomo, viko vituo vya serikali vya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Wala si lazima kungoja umri wa shule.

Na hapa twarudi kwenye daftari la fedha. Mama wa Vanga au wa ndani ya Kinango aambiwapo arudi hospitali baada ya mwezi, harudi, na karani wa hospitali huandika kwamba amepuuza. Hakupuuza, hakuwa na nauli, au mwenye kauli nyumbani hakumruhusu. Kwetu Udigoni mjomba ana neno lake juu ya watoto wa dada yake, na wajomba wengi wamo humu barazani. Wakisema mtoto aende, ataenda.

Kamati yaleta azimio moja: kwamba kuanzia mwaka ujao litengwe fungu dogo la nauli, litolewe katika mfuko wa misaada, kwa ajili ya mama na mtoto mwenye hali hii, kwa safari za masikio, moyo, damu na mafunzo ya kulisha. Mzee mmoja wa Kamati aliuliza, na aliuliza kwa haki, mazishi yatachangiwa na nini fedha zikigawanywa. Tumepiga hesabu: nauli za mtoto mmoja kwa mwaka hazifikii gharama ya chakula cha siku moja ya matanga. Tena baadhi ya maziko tuliyoyachangia yalikuwa ya watoto wadogo waliokufa kwa kifua.

Mjadala uko wazi, na baada yake mikono itahesabiwa. Majina ya watoto hayatasomwa hapa. Mama atakaye kuandikisha mwanawe aje ofisini siku ya Jumamosi asubuhi, au amtume mjumbe wa tawi lake, na achukue pamoja naye kijitabu cha kliniki.